Miti ya Safu Kwenye Kona ya Bembea

Ninyi mnaoshika funguo za bustani leo, na ninyi mnaokuja kukaa tu, nawaandikia wote pamoja, maana sijui nani atasoma hadi mwisho. Mimi ni Mama Zaina wa komini ya Tshopo, hapa Kisangani. Kazi yangu ilikuwa kutembelea. Komini, yaani manispaa yetu, ilikuwa na sehemu tatu za watu kupumzika: bustani yenye bembea karibu na njia ya soko, kiwanja cha basketi, na fuaye, ile nyumba ambamo wasichana walijifunza kushona na wanaume walicheza dama. Kila asubuhi nilizizunguka zote kwa miguu, nikafungua, nikafagia, nikaangalia nini kimevunjika na nani amekuja. Jioni nilizunguka tena kufunga. Nilianza binti yangu Sifa akiwa hajaota meno, nikaacha watoto wa Sifa wakiwa wanang'oka ya utoto.

Shule yangu ilikuwa fupi. Nilijua kusoma pole pole, kuandika nilichelewa zaidi, kwa hiyo kazi yote niliiweka kichwani, na kichwani kilichokaa vizuri zaidi ni majina. Mkinipa uso, nawapa jina, la baba, na mtaa. Wengine waliona ni ajabu. Mimi naona ni kwa sababu sikuwa na daftari.

Aliyenifundisha ni Papa Ramazani, seremala, mtu wa zile familia za Waislamu waliokaa hapa tangu biashara ya zamani. Alikuwa mlinzi wa bustani kabla yangu. Siku ya kwanza alininyang'anya ufagio.

"Binti, unafanya nini?"

"Nafagia, papa."

"Umeangalia?"

"Kuangalia nini?"

"Mbuzi ya nani iliingia? Nani alikaa pale chini ya ukuta, na alikuwa na viatu ao miguu mitupu? Ukifagia mbele ya kuangalia, utanikuta hapa, utaniuliza miye, na miye nililala kwangu."

Tangu hapo nilipita kwanza bila ufagio. Fanyeni hivyo hata ninyi wenye simu za picha. Vumbi la asubuhi, umande ukiwa bado juu yake, linaonyesha mguu vizuri. Saa nne limekwisha kukauka, halisemi kitu. Na mkifagia, anzeni ukutani mje katikati, ili mguu wa mgeni wa leo ubaki peke yake.

Bembea ilinitesa kuliko vitu vyote. Minyororo yake ililia kama nguruwe. Nikaona niitie mafuta ya mawese, yalikuwa nyumbani, sikuyanunua kwa ajili yake. Siku ya pili siafu walipanda minyororo yote miwili, na mtoto mmoja, Mado, binti wa Mama Kaluta muuza makayabu, samaki wa chumvi, alikuwa juu kabisa walipofika mikononi mwake. Aliruka. Mama yake alikuja na mwiko wa fufu mkononi, haukuwa umeoshwa.

"Zaina! Unapika batoto yetu?"

Nikabadili. Nikaomba mafuta machafu ya injini kwa mafundi. Bembea ikanyamaza, lakini mashati meupe ya shule yakapata mistari myeusi mgongoni, na safari hii hakuja mama mmoja, walikuja akina mama wa shule nzima. Ndipo Papa Ramazani akakata mpira wa ndani wa baiskeli, akaufunga pale ambapo mnyororo unakutana na chuma. Haulii, hautaki mafuta, siafu hawaupendi. Mpaka leo ni hivyo. Mpira wa toleka, hizi baiskeli zetu za kubeba abiria, ni bora kuliko wa pikipiki kwa sababu ni mwembamba.

Jumamosi walikuja maarusi kupiga picha. Hapo nawapa siri: vumbi hunyunyiziwa maji mapema, saa mbili nzima kabla ya arusi kufika. Mimi siku ya arusi ya Charlotte nilinyunyizia wakiwa tayari getini. Gauni lake lilikuwa na mkia mrefu. Mjomba wake, Tonton Gaspard, fundi wa redio, aliunyanyua ule mkia uliojaa matope, akaniangalia.

"Mama, hii iko bustani ao shamba ya muchele?"

"Tonton, muchele ulikuwa umeiva. Ninyi mumechelewa."

Alicheka, basi nikapona. Watu wakicheka bustanini, mambo mengi hupita. Nilifikiri ni yote hupita.

Walikuja pia wanafunzi, wakitembea mbele na nyuma na madaftari, wakisoma kwa sauti. Augustin alijifunzia pale mifupa yote ya mwili. Alirudia mpaka nami nikaijua. Naweza kuwaonyesha tibia iko wapi. Kazi ya mfupa huo sijui.

Sasa miti.

Kona ya bembea haikuwa na kivuli. Saa sita kiti cha chuma kiliunguza, hakuna mtoto aliyekaa. Getini kwetu alifanyia kazi Papa Bolamba, fundi wa toleka. Baba yake alikuwa mvuvi wa kule maporomokoni, yeye akapenda baiskeli. Ndiye aliyekuwa anatupatia ile mipira ya bembea. Asubuhi moja alikuja na miche mitatu ya safu, yale matunda meusi yenye mafuta, ndani ya makopo ya maziwa.

"Mama Zaina, acha nipande. Batoto watapata kivuli, siye wakubwa tutapata safu."

Nikasema panda. Nikamletea maji mwenyewe. Hilo ndilo kosa kubwa la kazi yangu, na nilikuwa nalijua kabla ya kulifanya, kama kila mtu wa hapa anavyolijua. Mtu anaweza kukuomba kipande cha ardhi alime mahindi au lengalenga, mchicha wetu, ukampa, hakuna neno, atavuna na kuondoka. Lakini mti wa kuishi miaka mingi ni kitu kingine. Kwetu aliyepanda mti ndiye mwenye mahali. Ndiyo maana mpangaji hakubaliwi kupanda mti wa matunda hata mmoja katika uwanja wa mwenye nyumba. Na wakati watu wanagombania mpaka, wa kwanza kuulizwa ni nani alipanda ule mti.

Jioni Papa Ramazani, ambaye alikuwa amestaafu, alipita akitoka msikitini. Akasimama ukutani.

"Nani alipanda?"

"Papa Bolamba."

"Nani alimupa ruhusa?"

"Miye, papa."

"Kuko karatasi?"

"Nilisema tu kwa mudomo."

Akakaa kwenye bembea, mzee mzima na kanzu yake. "Zaina, umetoa kona ya komini kwa mudomo."

"Ning'oe?"

"Utang'oa muti mbele ya mutu aliyekusaidia? Apana. Alikuomba siku ya kupanda? Bon. Aombe na siku ya kuvuna. Kila musimu. Asimame pale geti, aombe kwa sauti, batu basikie. Mwenye shamba haombi ruhusa ya kuvuna shamba yake. Musimu mumoja akivuna bila kuomba, ile siku njo ung'oe."

Nilikwenda kwa Papa Bolamba nikiona haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka ufunguo wa baiskeli ukamponyoka.

"Bon, mama. Nitaomba. Nitaomba mpaka utachoka."

Miti ilipozaa kwa mara ya kwanza, alikuja amevaa koti la Jumapili na kofia, mke wake Mama Henriette nyuma yake na kikapo. Akasimama getini, akapaza sauti:

"Mwenye bustani! Mugeni anaomba safu!"

Watu walicheka mpaka barabarani. Na mimi nikaingia katika mchezo.

"Mugeni, umetoka wapi?"

"Hapa geti."

"Unaomba safu ya nani?"

"Ya komini, mama."

"Vuna."

Akavuna, akaacha nusu kwa watoto. Safu mnajua: unaziweka kwenye majivu ya moto kidogo, zinalainika, unakula na lituma, ndizi zetu za kutwanga. Siku hiyo fuaye yote ilinukia. Msimu uliofuata watu walikuja mapema kusikia Papa Bolamba akiomba. Ikawa kama sikukuu ndogo. Alibadilisha kofia kila mara. Mwaka mmoja aliomba akipiga magoti. Mwaka wa mwisho alikuwa mgonjwa, Mama Henriette alimsukuma juu ya toleka, na sauti yake haikufika barabarani, lakini aliomba. Baadaye akafa.

Alikuwa na mtoto mkubwa, Faustin, aliyekuwa akifanya biashara Opala, kule kwenye mto Lomami. Faustin alirudi baada ya kilio. Asubuhi moja napita bila ufagio, kama nilivyofundishwa, nikaona alama za viatu vya ngozi vyenye kisigino. Zilizunguka kona ya bembea, zikarudi, zikazunguka tena. Nilipoinua macho nikaona vigingi vinne na kamba. Miti mitatu ilikuwa ndani ya kamba, na bembea pia.

Saa mbili mwenyewe akaja.

"Mama Zaina, hii kona iko ya baba yangu. Nitajenga terrasse, batu bakae, bakunywe bia. Ile chuma ya batoto mutaitoa lini?"

"Faustin, hii kona iko ya komini."

"Nani alipanda miti?"

"Baba yako."

"Alors?"

"Baba yako alikuwa anaomba ruhusa ya kuvuna. Kila musimu."

"Mama! Ile ilikuwa comédie! Kila mutu anajua ilikuwa comédie. Na kofia, na magoti! Ulicheka na weye."

Hapo alisema kweli. Nilicheka. Ilikuwa miaka mingi tunacheka, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kusahau kwamba mchezo ule uliwekwa kwa sababu.

Nikaenda kwa shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu, Papa Lofemba, mtu wa haki lakini mwenye kupenda karatasi.

"Mama, document iko wapi?"

"Haiko, shefu."

"Hata mandishi kidogo?"

"Iko kichwani."

Alikuna shingo. Uwanja wake mwenyewe ulikuwa na mpaka wa mti wa safu uliopandwa na babu yake, na mti huo ulikuwa umemshindia kesi moja. Angewezaje kusema mti si kitu? "Siku ya ine nitakuja pale," akasema. "Faustin alete maneno yake, weye ulete batu. Ukikosa batu, mama, bembea inatoka."

Siku ya nne kona ilijaa. Shefu alikaa kwenye kiti cha fuaye, Faustin kasimama kwenye mti wa katikati, mkono juu yake, kama mtu aliyeegemea gari lake. Alisema machache. Miti hii mnaiona. Aliyepanda mnamjua. Miye njo mutoto yake. Watu waliitikia kwa vichwa, hata walionipenda, kwa sababu ndivyo ilivyo kwetu.

Nikasimama. Nikaanza na msimu wa kwanza: aliomba amevaa kofia nyeusi, walikuwepo Mama Kaluta na binti yake Mado, Tonton Gaspard aliyekuja kurekebisha redio ya fuaye, Augustin na daftari la mifupa. Msimu wa pili, kofia ya majani, walikuwepo hawa na hawa. Nikaendelea. Shefu alikuwa anaandika.

"Pole pole, mama. Bic yangu inachoka."

Wengine niliowataja walikuwepo pale pale. Mado alisimama akiwa na mtoto mgongoni, akasema kweli, nilisikia. Augustin, ambaye sasa ni muuguzi, akasema vilevile. Tonton Gaspard akasema: "Nilisikia. Na shamba ya muchele niliiona pia." Watu wakacheka, na safari hii kicheko hakikunisaidia. Faustin akadaka pale pale.

"Munaona? Banacheka. Ilikuwa mambo ya kucheka. Na hawa bote iko barafiki yake. Kuko hata mumoja wa nyumba yetu?"

Shefu akaweka kalamu chini. "Mama Zaina, anauliza vizuri. Mzee alipovuna, kikapo nani alibeba?"

Ninyi vijana, katika miaka yote ya kazi ile sikuwahi kuulizwa jina nikakosa. Hilo nililijua kuliko yote. Nilikuwa nimetaja msimu baada ya msimu, wote waliosimama getini, na kila msimu nilimruka mtu mmoja kwa makusudi. Mtu hamwiti mama wa mtu asimame mbele ya kartie kumpinga mwanawe. Nikaangalia chini, nikaona miguu ya watu. Nikanyamaza.

"Mama Zaina?"

Nilijua bembea inaondoka.

"Miye njo nilibeba."

Ilikuwa nyuma kabisa, karibu na ukuta. Mama Henriette alikuwa bado na kitambaa cha msiba. Watu wakampisha.

"Bwana yako alikuwa anaomba kwa kweli ao kwa kucheza?" shefu akauliza.

"Alikuwa anacheza. Alipenda kucheka. Mais hakushika safu hata moja mbele ya kujibiwa. Mwaka mumoja Mama Zaina alikuwa kilioni kwa dada yake. Tulikuja na kikapo, geti iko wazi, yeye haiko. Siku ya pili tulirudi, haiko. Safu zilikuwa zinaanguka, zinaoza chini. Nikamuambia: papa, okota basi, zinapotea. Akasema: nitaokota namna gani, nimejibiwa na nani? Tulirudi na kikapo mutupu."

Hilo hata mimi sikulijua. Nilikuwa kilioni.

"Mama, unaniuza mbele ya batu?" Faustin akasema.

"Sikuuzi. Nasema kikapo."

Shefu hakuhitaji kuandika mengi. Kona ni ya komini. Nyumba ya Bolamba inaweza kuvuna kila msimu ikiomba, kama marehemu alivyofanya. Faustin aling'oa vigingi mwenyewe, akakunja kamba vizuri, pole pole, akaiweka mfukoni. Alirudi Opala wiki ile ile. Mama Henriette alivuka mto akaenda kukaa kwa binti yake Lubunga. Faustin hajamtembelea kule, hilo najua kwa sababu nauliza. Bembea iko pale pale. Watoto wanaokaa juu yake hawajui habari yoyote ya haya, na hakuna sababu wajue.

Ninyi wa funguo mnatakiwa kujua. Mtu akija na mche, mwambieni asante, mpokeeni kopo, pandeni kwa mikono yenu wenyewe mbele ya watu. Na mkiweka sheria, hata kama watu wanaicheka, msiache kuifanya siku ambayo hakuna anayecheka.

Nimestaafu. Aliyechukua funguo zangu ni Nadine, msichana mwembamba wa kutoka upande wa bwawa la umeme. Ana daftari na ana simu. Nilimfundisha kupita kwanza bila ufagio, akaniangalia kama mtu anayemsikiliza bibi yake, lakini nilimwona baadaye, anapita.

Kila msimu napeleka safu Lubunga kwa Mama Henriette. Meno yake yamebaki machache, na safu ya majivuni haitaki meno. Msimu huu nilikuja asubuhi, geti wazi, akina mama wa soko wamekaa kivulini, watu wa toleka wanajaza upepo. Zilikuwa zimeanguka nyingi, nyeusi, nzuri. Nikafikiria pirogi, mtumbwi wa kuvukia, nikafikiria jua la katikati ya mto, nikainama nikaanza kuokota. Kikapo kilikuwa karibu nusu.

"Mama Zaina."

Nikageuka. Nadine, na ufagio.

"Umeomba nani?"

Akina mama wa soko wakapiga kelele. "Eh! Nadine! Unamuuliza nani vile? Huyu alizaliwa hapa mbele ya bembea!" Mmoja akasema hana adabu. Fundi wa toleka akasema vijana wa leo. Nadine hakuwa na hasira. Alisimama akingoja, mikono yote juu ya ufagio.

Nikamwaga safu zote chini. Nikachukua kikapo kitupu, nikatembea mpaka getini, na kwa magoti yangu haya ni safari ndefu. Nikatoka nje. Nikageuka, nikapaza sauti kadiri nilivyoweza:

"Mwenye bustani! Mugeni anaomba safu!"

Watu walicheka mpaka barabarani. Nadine hakucheka. Aliwaangalia waliokuwepo, mmoja mmoja, uso kwa uso, bila kufungua daftari.

"Mugeni, umetoka wapi?"

"Hapa geti."

"Unaomba safu ya nani?"

"Ya komini, mama."

"Vuna," akasema.